Betri hufa ikiwa imelala: kwa nini, na ufanye nini

Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya kipindi chetu cha asubuhi. Hatukushtuka, maana tuna jenereta nyuma ya jengo. Fundi mitambo akaenda kuliwasha, akarudi akitikisa kichwa: ukigeuza ufunguo unasikia tik, tik, injini haizunguki. Matangazo yalikatika kwa zaidi ya dakika 40, hadi tulipofungua betri ya gari la mwenzetu mmoja na kwenda kuliamsha jenereta nayo.

Kilichotushangaza ni kwamba betri ile haikuwa imetumika. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ianze kuzalisha umeme mwaka 2024, mgawo umepungua na jenereta letu limekuwa likikaa miezi bila kuguswa. Tulipolisimulia jambo hili hewani, simu nyingi zilizoingia hazikuhusu majenereta. Zilihusu matrekta.

Wasikilizaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua hali hiyo. Trekta likishamaliza kulima, na pengine kuvuta tela wakati wa mavuno, linaegeshwa. Linakuja kukumbukwa mwezi wa Oktoba au Novemba, mawingu yakianza kukusanyika. Hapo ndipo betri inagoma, fundi ana foleni ya watu, na jirani ameshaanza kulima. (Wenye pawatila za kuwasha kwa hendeli mnaweza kucheka kidogo, hili haliwahusu.)

Betri za aina hii, za risasi na asidi, zina umri mkubwa kuliko magari yenyewe. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na namna inavyofanya kazi haijabadilika sana. Ndani mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kidogo. Umeme unapotoka, sahani za risasi zinajifunika utando mweupe wa chumvi ya salfeti. Ukichaji, utando ule unayeyuka na kurudi kwenye maji. Tatizo ni muda. Utando ukiachwa wiki nyingi unakomaa na kuwa mgumu kama ukoko wa chungu, na chaji ya kawaida haiuondoi tena. Betri inabaki na umbo lake lakini imepoteza nguvu.

Na betri hutoa umeme hata usipoitumia. Ikiwa imefunguliwa kabisa na kuwekwa kando, bado inapungua kidogo kila mwezi, na joto likizidi kwa nyuzi 10 kasi hiyo inakaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana betri iliyolala Kyela inachoka mapema kuliko iliyolala Njombe. Ikiwa haijafunguliwa ni mbaya zaidi: saa, redio, alamu na kile kifaa cha kulifuatilia gari kwa setilaiti vinanyonya usiku na mchana.

Baadhi yenu wa Makete mliuliza kuhusu baridi ya Juni na Julai. Kweli baridi huifanya betri itoe nguvu kidogo, na oili nzito huifanya injini iwe ngumu kuzungusha. Lakini maji ya betri iliyojaa hayagandi mpaka baridi ishuke makumi ya nyuzi chini ya sifuri, jambo ambalo huku kwetu halipo. Kinachoweza kuganda kwa urahisi zaidi ni betri tupu. Kwa hiyo hofia utupu, si umande wa asubuhi.

Sasa kuna desturi ambayo tunajua wengi wataitetea: kuliwasha trekta dakika tano kila wiki, kisha kulizima. Sisi wenyewe tulidhani inatosha. Dakika tano za injini isiyokanyagwa mafuta zinarudisha, ikienda vizuri, kile tu kilichotumika kuwashia. Zile chaji zilizopotea tangu wiki iliyopita hazirudi. Kama unataka kutumia njia hiyo, liendeshe nusu saa au zaidi, tena kwa mwendo wa kazi.

Njia rahisi ni spana. Fungua waya wa hasi kwanza, na siku ya kurudisha uufunge wa mwisho, ili spana ikigusa chuma isipige cheche. Futa vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi kidogo, bila kuruhusu maji hayo yaingie ndani. Kisha ichaji ijae kabla ya kuihifadhi, na uirudie kila mwezi mmoja au miwili. Chaji ya polepole ndiyo nzuri: betri iliyoandikwa 70Ah ipewe ampea 7 hivi. Wale wanaokuahidi kuijaza kwa saa moja wanaichemsha. Na usiichaji chumbani unakolala wala karibu na jiko, kwani inatoa hewa ya haidrojeni, inayolipuka.

Kama una betri ya maji, hapa tunaomba umakini. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji safi ya betri yanayouzwa kwenye chupa, yafunike sahani kwa kama sentimita moja. Usiongeze maji makali. Muuzaji akikupa yoyote aliyonayo, uliza. Ukiongeza makali, asidi inazidi na sahani zinaliwa.

Je, kuiweka kwenye sakafu ya saruji kunaimaliza? Babu zetu walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, maana maboksi ya zamani yalikuwa ya mbao na mpira na yaliweza kuvuja. Ya leo ni ya plastiki. Iweke unapotaka, mradi ni pakavu, pana kivuli na watoto hawafiki.

Kujua hali yake huhitaji kubahatisha. Iache itulie saa kadhaa, kisha uipime kwa mita. Volti 12.6 au zaidi imejaa. Ikifika 12.4 ichaji. Ikiwa 12.0 imekaribia kwisha, usilale nayo hivyo hata usiku mmoja zaidi.

Ya jenereta letu ilichajiwa usiku kucha na asubuhi ikasoma 10.4. Chumba kimoja kilikuwa kimekufa, na hapo hakuna dawa. Tuliiuza kwa wanaonunua betri chakavu kwa kilo, tukanunua mpya. Hii mpya tumeifungia paneli ndogo ya sola ya wati 20 pamoja na kidhibiti chaji, ili isijazwe kupita kiasi, na kila Jumatatu fundi mitambo anaandika volti zake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.