Kamusi ya Kiiraqw na Upana wa Kazi ya Chuo Kikuu

Karatu na Ngorongoro ni makutano ya lugha zisizo na nasaba moja: Kiiraqw ni Kikushi, Kimaasai na Kidatooga ni Kiniloti, Kihadzabe hakijapatiwa ndugu. Mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walichapisha kamusi ya Kiiraqw. Qorro, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye pia aliyetetea hadharani Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Utafiti, ufundishaji na utetezi vilikutana kwa mtu mmoja. Fasili za kamusi hiyo, hata hivyo, ni za Kiingereza. Mtoto wa Karatu aliyelelewa kwa Kiiraqw husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Hawezi kuifungua akaielewa, ingawa maneno yaliyomo ni ya nyumbani kwao.