Je, Wajua? Baiskeli ya Titani na Giya Isiyoachia

Je, wajua kwamba aliyeitambua titani kwanza, mwaka 1791, alikuwa kasisi? William Gregor wa Cornwall, Uingereza, aliikuta kwenye mchanga mweusi wa kijito. Mchanga wenye madini hayo ulichimbwa pia Kwale, pwani ya Kenya, tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani hutengenezewa rangi nyeupe. Fremu za baiskeli hupata kidogo sana.

Je, wajua kwamba alumini ni nyepesi kuliko titani? Lita moja ya alumini ina kilo 2.7, titani 4.5, chuma 7.8. Sifa ya titani ni nguvu iliyonayo kwa uzito huo. Aloi inayopendwa na watengeneza fremu, yenye alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5, ilianzia kwenye mabomba ya haidroliki ya ndege.

Je, wajua kwamba titani ikichomelewa kwenye hewa ya kawaida hufyonza oksijeni na kuwa rahisi kupasuka? Fundi hulazimika kuizingira kwa gesi ya agoni, nje na ndani ya bomba. Ukiwa dukani, inama utazame maungio. Mshono wenye mawimbi madogo yaliyolingana na rangi ya fedha ni dalili njema. Ukiona bluu iliyokolea au kijivu chenye ungaunga, iache fremu hiyo.

Je, wajua kwamba kwenye giya isiyoachia huwezi kupumzisha miguu? Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali zinazunguka, hata mteremkoni, hata kwenye kona. Meno 46 mbele na 16 nyuma hukupeleka karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali, kipimo kinachofaa kwa mji wa tambarare.

Na hapa ndipo wanunuzi wengi hupitwa. Wanahesabu gramu za fremu, hawahesabu meno! Chukua 48 kwa 16: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 3 kamili. Basi kila unapokaza miguu ili tairi la nyuma liburuzike, ukitanguliza mguu uleule, linalosuguliwa ni eneo lilelile moja, na tairi huisha mapema likiwa zima kwingine kote. Punguza jino moja tu mbele, iwe 47 kwa 16, na msuguano unagawanyika sehemu 16. Miguu yako haitahisi tofauti yoyote ya maana, lakini tairi litadumu.

Je, wajua kwamba titani haishiki kutu hata kwa maji ya chumvi, hivyo haihitaji rangi? Bomba la kiti la alumini lililomo ndani yake, hata hivyo, huweza kung'ang'ania lisitoke. Lipake grisi kabla ya kulifunga.

Je, wajua kwamba kanuni za Uingereza za 1983 zinaitaka baiskeli yenye giya isiyoachia iwe na breki ya mbele? Miguu pekee haitoshi kukusimamisha gari likikukatia njia. Fremu nyingine zilibuniwa kwa viwanja vya mashindano, hazina nafasi ya breki wala madigadi. Kabla hujalipa, kagua foku: kama haina tundu la kufungia breki, usiinunue.