Giaboksi Ikigoma, Tuanze Wapi?



Katika likizo ya mwezi wa Juni mwaka huu nilikuwa nyumbani kwetu Shanwe, mjini Mpanda, na huko nilijifunza jambo ambalo nimeona si vema kulificha. Motokaa kuukuu iliyotoka ng'ambo ikiharibika giaboksi, mwenye mali aamue nini? Wengi wetu tuna wazazi, wajomba au majirani wenye motokaa za namna hiyo, na siku moja shauri hili litawafikia mlangoni.

Kwanza nieleze hali ya nyumbani. Baba anayo motokaa ndogo iliyoundwa Japani mwaka 1998. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia, ndiyo maana motokaa zao zilizokwisha kutumika zimejaa nchini kwetu. Kwa Baba, motokaa hiyo ndiyo jembe lake. Siku zote huchukua abiria, na wakati wa mavuno hupakia magunia ya mpunga kutoka Kakese. Mwaka huu alikuwa amekwisha weka akiba ya kununua mabati 40, aezeke nyumba kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza, maana masika yaliyopita tulilala tukihamisha vitanda na kutega ndoo.

Jioni moja, akitoka Kakese na mzigo, motokaa ilianza kulegea. Injini ilinguruma kwa nguvu lakini mwendo ulipungua, na mwisho ikasimama kabisa. Baba akaomba msaada wa lori, likamvuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Kesho yake kila aliyepita alitoa ushauri. Fundi wa kwanza alisema giaboksi imekufa, iagizwe nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Jirani alisema giaboksi ya otomatiki ni balaa, itolewe, iwekwe ya gia za mkono. Mjomba alisema iuzwe vivyo hivyo. Mimi nami, kwa kujiona msomi wa fiziki, nilimsihi Baba aifungue giaboksi yote na kutia vipande vipya. Katika sisi wote, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua boneti.

Mama ndiye aliyetufumbua macho. Alisema, "Hesabuni kwa mabati." Tukahesabu. Giaboksi ya mtumba, pamoja na nauli ya kuileta na ujira wa kuifunga, ilikuwa sawa na mabati 28. Kuifungua ile ya zamani na kuitengeneza yote, mabati 30. Kugeuza kuwa ya gia za mkono kulikaribia hapo hapo, kwa sababu si giaboksi peke yake inayohitajika. Hutakiwa pia pedali ya klachi, gurudumu la nyuma ya injini, waya za gia, na mara nyingine hata nyaya za umeme hubadilishwa. Basi kila ushauri ulikuwa unaivua nyumba paa.

Ndipo Baba alipomwita fundi mmoja mzee wa hapo Shanwe. Nilimwamkia, na alipokwisha kutusikiliza alisema, "Mzee mwenzangu, mgonjwa hapasuliwi kabla hajapimwa."

Ili mwelewe vipimo vyake, yafaa nieleze jinsi giaboksi ya otomatiki inavyofanya kazi. Chukueni feni mbili mziweke zikitazamana. Washeni moja tu. Ile ya pili nayo itaanza kuzunguka, kwa kusukumwa na upepo wa mwenzake. Ndani ya motokaa mna kitu cha namna hiyo kati ya injini na giaboksi, ila mahali pa upepo pana oili. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya kifaa cha kupitisha nguvu kwa njia ya majimaji mwaka 1905, naye aliwaza meli, si motokaa. Baadaye, mwaka 1939, kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic, na tangu hapo giaboksi za aina hii zikaenea.

Oili hiyo ina kazi nne. Hupitisha nguvu, hulainisha vyuma, hupoza joto, na tena hubana pleti za klachi ili gia ishike. Kazi hii ya mwisho hufuata kanuni ya Pascal tuliyojifunza darasani, kwamba mgandamizo katika kimiminika kilichofungwa huenea pande zote. Iko pampu inayozungushwa na injini, nayo ndiyo inayoleta mgandamizo huo. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa. Mgandamizo hushuka, pleti hazibanwi sawasawa, huteleza na kuungua. Kwa hiyo mwenye motokaa husikia injini ikilia bila mwendo, akadhani giaboksi imekufa, kumbe pengine ina kiu.

Sasa nieleze vipimo kwa utaratibu wake.

Cha kwanza ni kijiti cha kupimia oili. Motokaa husimamishwa mahali tambarare, injini ikiwa na moto na inanguruma polepole. Mshikio wa gia hupitishwa katika kila nafasi na kurudishwa kwenye P, ndipo kijiti huchomolewa. Baadhi ya motokaa hupimwa injini ikiwa imezimwa, na nyingine hazina kijiti kabisa, kwa hiyo lazima kufuata kitabu cha motokaa yenyewe. Kijiti chetu kilitoka karibu kikavu.

Cha pili ni rangi na harufu. Oili nzima huwa nyekundu. Ikiwa ya kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, pleti zimeumia. Ikiwa ya waridi yenye kufanana na maziwa, maji ya rejeta yamekwisha ingia ndani. Yetu ilikuwa ya kahawia, na harufu ya kuungua ilikuwapo kidogo.

Cha tatu ni taa. Katika motokaa nyingi za Japani za miaka ile, taa ya O/D OFF ikimweka yenyewe, kompyuta imeona kosa la umeme katika giaboksi. Huenda ni solenoidi tu, yaani kile kivalvu kidogo kinachofunguliwa na umeme, na kukibadili si gharama kubwa. Yetu haikumweka.

Cha nne ni kutafuta mvujo. Fundi alilala chini na tochi, akaukuta mpira unaopeleka oili kwenye rejeta kupozwa. Ulikuwa umepasuka kwa uzee, na umelowa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa wetu ulikuwa mwembamba kama ukucha.

Cha tano ni kufungua sampo, yaani bakuli la chini. Ndani mna sumaku za kunasa vumbi la chuma. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma au maganda meusi ya pleti ni habari mbaya, na hapo ndipo mtu aanze kufikiri kuifungua yote au kununua nyingine. Sisi tuliukuta uji, na maganda machache. Chujio lilikuwa limeziba.

Ndipo fundi akamwuliza Baba, "Ililetwaje hapa?" Baba akajibu kwamba ilivutwa kwa kamba. Yule mzee akatikisa kichwa. Pampu huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa hakuna oili inayopanda, na magurudumu yanayovutwa huzungusha vyuma vikavu. Motokaa ya otomatiki huinuliwa magurudumu yake yanayoendeshwa na giaboksi, au hupakiwa juu ya gari jingine. Kwa hiyo baadhi ya madhara yale hatukuletewa na uzee wa motokaa, tuliyafanya wenyewe njiani.

Uamuzi ukawa huu. Tulinunua mpira mpya, chujio, gasketi, na oili ya aina iliyoandikwa kitabuni, maana si kila oili nyekundu yafaa kwa kila giaboksi. Gharama yote ilikuwa mabati 7. Motokaa ikatembea siku ile ile.

Lakini nisiwadanganye. Gia ya nne bado huteleza kidogo kilimani ikiwa na mzigo, na fundi alimwambia Baba wazi kwamba pleti zilizoungua haziponi kwa oili mpya. Baba ameacha kupakia mpunga. Huchukua abiria tu, na kila Jumamosi huweka kando fedha za giaboksi ya mtumba. Wakati huo utakapofika, atanakili alama za kibao kilicho chini ya boneti ili zilingane. Tena atapatana na muuzaji kuhusu siku za majaribio, kwa sababu kutoka Dar es Salaam mzigo hupita Tabora na Kaliua kwa reli, au barabara ndefu kwa basi, na siku hizo zaweza kwisha njiani. Mkazi wa Dar es Salaam akiuziwa kibovu hukirudisha jioni. Sisi wa Mpanda hatuwezi.

Nyumba imeezekwa kwa mabati 33. Chumba changu ndicho kilichobaki na mabati ya zamani, nami sikulalamika, kwa maana kama Baba angefuata ushauri wangu, ingebaki nyumba karibu nzima.

Basi, wenzangu, motokaa ya nyumbani ikigoma, msianze kwa kuuliza bei ya giaboksi. Anzeni kwa kuomba kijiti na kitambaa cheupe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne