Kabla ya Kununua Kiwanja, Pima Udongo

Betri chakavu zina faida sokoni, lakini mabaki yake huacha deni. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi katika udongo na katika damu ya wakazi.

Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Iliagiza pia eneo lisafishwe katika miezi 4, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Amri ya fidia ilitenguliwa katika rufani, lakini Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024.

Usafishaji hauanzi kwa sepetu. Kwanza udongo, maji na vumbi hupimwa ili ijulikane sumu imefika wapi na kwa kina gani. Kisha udongo mbaya huondolewa au hufunikwa, na vipimo hurudiwa. Risasi haiozi, miaka kupita si dawa.

Kwa hiyo mnunuzi wa kiwanja jirani na kiwanda cha zamani adai matokeo ya vipimo kwanza, ndipo azungumzie bei.