Wewe, Mpenzi Wako na Papa Pangoni

Tukubaliane jambo moja: wengi wetu papa tunayemfahamu ni yule mkavu wa sokoni, anayeishia kwenye mchuzi wa nazi. Papa mzima, wa karibu mita 3, aliyetulia pangoni huku meno yamemtoka nje? Huyo tunamwachia sinema. Lakini wapo wapenzi wanaofunga safari na kutoa hela zao ili wakamwone uso kwa uso. Kama na ninyi mmechoshwa na wikiendi za nyama choma, soma hadi mwisho kabla hujamwambia mwenzako "twende".

Papa wako kwenye fungate

Mahali penyewe ni Aliwal Shoal, mwamba uliojificha chini ya maji kama kilomita 5 kutoka mji mdogo wa Umkomaas, kusini mwa Durban, Afrika Kusini. Jina lake limetokana na meli iliyoitwa Aliwal, ambayo mwaka 1849 nusura iugonge. Mnatoka kwa boti ya mpira, mnapasua mawimbi, kisha mnazama. Kuna pango linaloitwa Raggies Cave, kwenye kina cha kama mita 18, na kuna Cathedral, tao kubwa la mwamba lililo chini zaidi.

Kuanzia Juni hadi Novemba, papa ambao wenyeji huwaita raggie hukusanyika hapo. Meno yao yamekaa shaghalabaghala na hayafichiki hata mdomo ukifungwa, lakini ni wapole na chakula chao kikubwa ni samaki. Raggie hupanda juu, akameza hewa na kuihifadhi tumboni, ndiyo maana anaweza kuelea bila haraka yoyote.

Na kilichowaleta huko, siyo siri, ni mapenzi. Ni msimu wao wa kujamiiana, na majike huonekana na alama za kung'atwa na madume. Jike hubeba mimba miezi 9 hadi 12 na kuzaa watoto 2 tu, kwa sababu humo humo tumboni wenye nguvu huwala ndugu zao. Kwa uzazi huo mdogo, nyavu na ndoana zimewamaliza kwa kasi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Cha kuogopa si meno

Kinachopaswa kukuumiza kichwa ni hewa na hofu. Ukiwa mita 20 chini, mgandamizo ni mara 3 ya ule wa juu, na hewa ya mtungi nayo huisha mara 3 haraka. Ukipaniki, unahema ovyo na inaisha haraka zaidi. Ukikurupuka kupanda huku umebana pumzi, mapafu yanaweza kuchanika. Ndiyo maana watu hupanda polepole, wakasimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka.

Ndoa ya nusu saa

Hapa sasa ndipo penye uhondo. Chini ya bahari kila mtu ana mwenzake. Mnakaguana vifaa kabla ya kuzama, na kila mtungi una midomo miwili ya kupumulia: mmoja wako, wa pili wa mwenzako akiishiwa.

Maneno hayapo, ni mikono tu. Kiganja kikipita shingoni, maana yake "sina hewa". Kiganja kikisimama kwenye paji la uso kama pezi, "papa huyo!" Na dole gumba juu siyo "poa". Ni "tupande".

Sheria kubwa ni hii: yeyote akionyesha dole gumba, mnapanda wote. Haombwi sababu, na mkifika botini halaumiwi. Je, nyumbani kwenu mnaishi hivyo? Mmoja akisema "nimechoka, tusimame kidogo", anasikilizwa au anachekwa? "Mwanaume gani unaogopa?" ni maneno ya hatari sana kule chini. Aliyeburuzwa ili amridhishe mpenzi wake ndiye anayehema ovyo, na safari inawaharibikia wote wawili. Mwenzako akisema hataki, mwache apunge upepo ufukweni. Hajakusaliti.

Mkiamua kwenda

• Anzeni nyumbani. Unguja, Mafia na Diani kuna vituo vya kufundisha uzamiaji. Cheti cha kwanza kwa kawaida huishia mita 18, na mapango yaliyofungwa juu yanahitaji mafunzo yake.

• Mwoneni daktari, hasa mwenye pumu au matatizo ya moyo. Mjamzito asizame.

• Msimguse papa wala kumfukuza. Kaeni chini karibu na mchanga na msizibe mlango wa pango. Akihisi amebanwa hupiga mkia kwa kishindo kama cha bunduki, akatafuta pa kutokea.

• Baada ya kuzama, subirini saa 18 kabla ya kupanda ndege. Tumieni muda huo kula dina.

Kabla hamjakata tiketi, muulizane swali moja tu: "Nikikuonyesha dole gumba, utapanda na mimi?" Jibu likija na "lakini", pango lisubiri kwanza. Mna mazungumzo ya kumalizia sebuleni.