Bima ya Kupatia Viza na Bima ya Kuishi Ng'ambo

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nimeona tuzungumzie karatasi moja ambayo vijana wetu wanaokwenda Ulaya huishughulikia siku mbili kabla ya kwenda ubalozini, wakaibana pamoja na picha na vyeti, kisha wakaisahau. Karatasi hiyo ni hati ya bima ya afya.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya barua ya mzazi mmoja wa Tabata. Binti yake amepata nafasi ya kusoma Ujerumani, kwanza lugha, halafu chuo kikuu. Mzee huyo anaeleza kwamba wameuza kiwanja, fedha za kujikimu wameziweka benki kama walivyotakiwa, na wakala aliyewahudumia amewakatia bima ya euro 30,000. Sasa anauliza: mwanangu akiugua mwaka huu, atatibiwa?

Swali la mzee huyu ni zuri, na ingefaa kila mzazi aliulize kabla ya kuuza kiwanja. Jibu langu ni kwamba, kwa jinsi alivyoieleza hati hiyo, binti amenunuliwa bima ya safari. Bima ya kuishi bado hana.

Tuanze na hizo euro 30,000, maana ndizo zinazowababaisha wengi. Kiasi hicho kimetajwa katika kanuni za viza ya muda mfupi za nchi za Schengen, ambazo sasa ni 29. Mtu anayekwenda kutembea, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, anatakiwa awe na bima itakayolipa angalau euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote hizo, na inayobeba matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, au kifo.

Sikiliza vizuri neno dharura. Bima hiyo ilikusudiwa mgeni anayeteleza kwenye barafu akavunjika mguu, afungwe plasta na arudi kwao. Haikukusudiwa mwenye kisukari anayehitaji dawa kila mwezi, wala mama mjamzito wa kuhudhuria kliniki, wala kijana atakayeugua jino mwezi wa nane. Sisi wenyewe tunao mfano nyumbani. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kukata bima ya dola 44 katika Shirika la Bima la Zanzibar, nayo inamlinda kwa siku 92. Hakuna Mzanzibari anayedhani kwamba mgeni huyo amenunua haki ya kutibiwa akihamia Paje moja kwa moja.

Viza ya kukaa muda mrefu ni jambo jingine. Hiyo kila nchi huipangia masharti yake. Kwa kuwa binti wa Tabata anakwenda Ujerumani, tukae huko kwanza.

Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inamtaka mgeni aweze kujikimu bila kutegemea fedha za umma, na inaeleza wazi kuwa katika kujikimu huko imo bima ya afya ya kutosha. Hawa ni watu waliozoea bima kwa muda mrefu. Sheria yao ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi ilipitishwa mwaka 1883, enzi za Kansela Bismarck, mwaka mmoja kabla Karl Peters hajatia mguu katika pwani yetu. Leo mkazi wa nchi hiyo anatakiwa kuwa na bima, awe Mjerumani au mgeni. Kwa hiyo ofisa wa wageni anapomwuliza Mtanzania habari za bima, hamwonei. Anamwuliza jambo ambalo hata jirani yake wa Kijerumani analo.

Bima zenyewe ziko za aina mbili. Kuna mifuko ya umma, ambayo mtu huchangia kulingana na kipato chake, na ambayo haimkatai mwanachama anayestahili kwa sababu ya ugonjwa. Halafu kuna makampuni binafsi, ambayo hupanga bei kwa kutazama umri na hali ya afya, na ambayo yana ruhusa ya kukwambia: tutakulinda kwa yote, isipokuwa ugonjwa ule uliokuja nao. Huwezi kuchagua upande kama unavyochagua daladala. Hali yako ndiyo inayoamua, na hapo ndipo watu wetu wanapojikwaa.

Mfanyakazi aliyeajiriwa kwa mkataba wa kawaida huingizwa katika mfuko wa umma tangu siku anapoanza kazi. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, na juu yake kila mfuko huongeza asilimia zake kidogo. Mwajiri hulipa nusu na mfanyakazi nusu. Akiwa na mke au mume asiye na kipato, pamoja na watoto, nao huingia katika bima hiyo bila mchango wa ziada. Mtu huyu anahitaji bima ya safari kwa siku chache tu, kati ya kushuka kwenye ndege na kuanza kazi.

Mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hajatimiza miaka 30 naye huingia katika mfuko wa umma, kwa mchango wa wanafunzi ambao mwaka 2025 ulikuwa kiasi cha euro 140 hivi kwa mwezi. Chuo hakimwandikishi mpaka kipate taarifa ya bima yake kutoka katika mfuko.

Lakini binti wa Tabata anaanza na lugha. Mwanafunzi wa kozi ya lugha, kwa macho ya mifuko ya umma, bado si mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo mlango huo haumfungukii. Miezi hiyo yote lazima awe na bima ya binafsi. Wakala akimkatia ya siku 90, siku ya 91 binti yuko ugenini bila kinga, na akienda ofisi ya wageni kuomba kibali cha ukaazi ataambiwa arudi na bima inayofaa. Mzee wangu, hapo ndipo pa kumbana wakala wako leo, kabla binti hajapanda ndege.

Kuna na mtego wa pili. Kijana akiwa amezoea bima yake ya binafsi ya bei nafuu, anapoingia chuo kikuu anaruhusiwa kuomba asamehewe kuingia mfuko wa umma. Ana miezi mitatu ya kuamua. Akishasamehewa, hawezi kubadili nia kwa muda wote wa masomo yake. Wapo wanaosaini kwa kufurahia tofauti ya euro kadhaa kwa mwezi. Baadaye vidonda vya tumbo vinarudi, kampuni inasema ugonjwa huo ulikuwapo kabla ya mkataba, na njia ya kurudi kwenye mfuko imekwisha fungwa. Rahisi inaishia kuwa ghali.

Waliovuka miaka 30 nao wajihadhari, na si wachache, maana watu wetu wengi hufanya kazi kwanza ndipo waende kusoma shahada ya uzamili. Hao, kwa kawaida, hawapati ule mchango wa wanafunzi. Waulize bei za bima ya binafsi mapema na kuzitia katika bajeti, sambamba na kodi ya chumba. Na kwa wale wenye ndoto ya kumchukua mama akaishi nao uzeeni, wajue kwamba mtu aliyetimiza miaka 55 akitokea nje ya mfumo huo kwa kawaida hakubaliwi na mifuko ya umma, na kampuni binafsi humpangia bei ya umri wake. Mapenzi ya mama hayana bei, lakini bima yake inayo.

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Uingereza, maana wasikilizaji wengine watoto wao wako huko. Waingereza wana utaratibu tofauti kabisa. Kwa viza inayozidi miezi sita hawakudai hati ya bima. Wanadai fedha, yaani ada ya afya kwa wahamiaji, ili utibiwe katika hospitali zao za umma. Ada hiyo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi au mtoto aliye chini ya miaka 18.

Jambo linalowashtua wazazi ni kwamba ada yote hulipwa kwa mkupuo mmoja, wakati wa kuomba viza. Tuchukue kozi ya miaka 3 ambayo viza yake inafika miaka 3 na miezi 5. Miezi hiyo ya ziada huhesabiwa kama nusu mwaka, na jumla inakuwa pauni 2,716, kabla hujagusa karo wala nauli. Viza ikikataliwa, ada hii hurudishwa. Wauguzi na madaktari wanaokwenda kwa viza maalumu ya kazi za afya wamesamehewa. Hata baada ya kulipa, meno, miwani na dawa za kuandikiwa na daktari kule England kwa kawaida huchangiwa mfukoni.

Ndugu msikilizaji, wapo wanaosema kwamba masharti haya yote ni ukuta wa kuwazuia Waafrika. Siwezi kusema hayana uzito. Kwa familia ya mshahara wa kawaida, pauni 2,716 ni ukuta kweli. Lakini tusisahau upande wa pili. Mtu mwenye bima akianguka, anatibiwa na anaendelea na masomo. Mtu asiye na bima akianguka, hospitali itamwokoa, kisha itamtumia ankara. Ankara hiyo ndiyo inayokuja kwetu kwa sura ya kikao cha ukoo, daftari la michango na namba ya simu ya kutumia fedha. Tumechangia mara ngapi? Na tumechangia mara ngapi kusafirisha maiti, ilhali kurudishwa kwa marehemu ni kipengele ambacho mtu angeweza kukitafuta katika hati yake kabla ya kusaini?

Kwa hiyo mzee wangu wa Tabata, na wote wenye safari, naomba muisome hati hiyo kwa maswali matano. Inaanza siku gani na inakwisha siku gani? Inalipa dharura tu, au hata ugonjwa wa kawaida na wa muda mrefu? Inasemaje kuhusu ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla, na kuhusu uzazi? Kabla kampuni haijalipa, mgonjwa hutoa kiasi gani kwanza kutoka mfukoni mwake? Na mwisho, hali ya mtoto ikibadilika, kutoka lugha kwenda chuo au kutoka chuo kwenda kazini, atahamia bima ipi, na kwa muda gani? Wakala akishindwa kuyajibu kwa maandishi, tafuta mwingine. Masharti rasmi yapo ubalozini na katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chenyewe, na kuuliza huko hakulipiwi.

Tena, kijana asifiche ugonjwa wake anapojaza fomu. Najua tunavyoogopa kuandika pumu, kifafa au sukari, tukidhani tutanyimwa viza. Fomu ya bima iliyojazwa uongo inaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ile ile unapoihitaji.

Kiwanja cha Tabata kimekwisha kuuzwa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba fedha zake zinamsomesha binti, zisije zikaishia kulipa kitanda cha hospitali. Tukutane wiki ijayo.