Bitiruti Zikizidi Bustanini

Mtu apandaye mboga kwa ajili ya nyumba yake huomba mvua, na mvua ikinyesha vizuri huleta taabu nyingine: mboga zote hukomaa wakati mmoja. Ndivyo ilivyo kwa bitiruti katika mtaa wa Upper Hill, Nairobi. Mbegu zikitiwa ardhini mwezi wa Machi, masika yanapoanza, mizizi huwa tayari baada ya siku 60 hadi 90. Ikifika Juni, nyumba yenye watu watano hujikuta na ndoo tele za bitiruti, na jirani naye anazo zake, hata hakuna wa kumgawia.

Upper Hill ni mahali palipoinuka, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na baridi yake huipendeza mboga hii. Zamani za utawala wa Waingereza palikuwa na nyumba za maofisa wa serikali na wa reli, zenye bustani pana. Siku hizi majumba marefu ya ofisi yamechukua nafasi ya nyumba nyingi, na bustani zilizobaki ni vipande vidogo, au magunia na madebe yaliyojazwa udongo. Kilimo cha mjini si jambo la kufichwa, maana Kaunti ya Jiji la Nairobi ilikitungia sheria mwaka 2015. Basi, penye nafasi haba namna hii, kutupa mavuno ni kutupa kazi ya miezi mitatu.

MAJANI YALIWE KWANZA

Watu wengi hukata majani wakawapa sungura. Hiyo ni hasara. Mboga iitwayo spinachi katika masoko ya Kenya, ile yenye majani mapana na mashina meupe, ni ndugu wa damu wa bitiruti. Wataalamu wa mimea huziita zote mbili Beta vulgaris. Moja ililelewa kwa ajili ya jani, na nyingine kwa ajili ya mzizi. Kwa hiyo majani machanga ya bitiruti hupikwa vilevile: kaanga kitunguu na nyanya, tia vijiti vilivyokatwa, kisha majani, na baada ya dakika chache epua. Yaliwe upesi, kwa sababu hunyauka kwa siku mbili tu.

KUWEKA NA KUCHEMSHA

Mizizi hukaa zaidi ikitunzwa. Kata majani, ukiacha vijiti vya urefu wa vidole viwili, wala usikate mkia. Usiioshe. Ipange ndani ya sanduku, tabaka ya mchanga mkavu na tabaka ya bitiruti, mahali penye giza na ubaridi. Iliyochubuka itengwe na kupikwa siku ile ile, maana ikioza huambukiza nyingine.

Wakati wa kuchemsha, usimenye kwanza. Bitiruti iliyomenywa huachia rangi na utamu wake majini. Ichemshe na ganda lake kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja, mpaka kisu kipenye bila nguvu. Kisha itie katika maji baridi, na ganda litatoka kwa vidole.

VYAKULA VYA KILA SIKU

Bitiruti iliyochemshwa ikikatwa vipande na kuchanganywa na kitunguu, dania, chumvi na ndimu, ni kachumbari njema ya kula na wali au ndengu. Ukali wa ndimu pia huishika rangi isififie.

Kwa chapati, ponda bitiruti moja ya kiasi, uichanganye na vikombe vitatu vya unga wa ngano. Maji yatiwe kidogo kidogo, kwa kuwa bitiruti ina maji yake. Watoto wanaokataa mboga sahanini huila ndani ya chapati bila ubishi.

Kwa kuweka muda mrefu, chemsha vikombe viwili vya siki na kikombe kimoja cha maji, kijiko cha sukari, chumvi, karafuu na mdalasini. Mimina juu ya vipande vilivyopikwa, katika chupa safi iliyochemshwa, ufunike na kuweka ndani ya friji.

Alaye bitiruti nyingi asishtuke akiona mkojo mwekundu. Ni rangi ya mboga, si damu. Lakini mtu mwenye mawe ya figo amwulize daktari kwanza, kwa sababu bitiruti, hasa majani yake, ina oksaleti nyingi.

MSIMU UJAO

Dawa ya wingi huu iko katika kupanda. Ile inayoitwa mbegu moja kwa kawaida ni kifurushi cha mbegu kadhaa, ndiyo maana huota miche mingi pahali pamoja. Ipunguzwe, na miche iliyong'olewa iliwe. Tena mtu asipande bustani nzima siku moja. Apande mstari mmoja, angoje wiki mbili, apande wa pili. Wazee walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya bitiruti huoza, na akiba iliyo bora ni ile inayobaki ardhini ikingoja zamu yake.